Muhogo, Mahindi na Neno la Jirani

Tangu nistaafu nimekuwa nikijiuliza kwa nini binadamu, ambaye huficha mali yake na hata maradhi yake, hawezi kulala kabla hajamweleza mwenzake kuwa chakula fulani kina madhara. Wapo wanaosema ni umbeya tu. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nazitoa katika historia ya vyakula viwili tuvijuavyo sote.

Tuanze na muhogo. Asili yake si kwetu, bali Amerika ya Kusini, na ni Wareno walioufikisha barani Afrika. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Hata hivyo maarifa ya kuitoa, yaani kumenya, kuloweka, kuanika na kutwanga, yalienea vijijini bila kitabu hata kimoja. Mama alimwonyesha binti, wifi akamwonyesha wifi. Nani angenyamaza, hali watoto wa ukoo mzima wanakula sinia moja? Ulimi nao ulisaidia, kwa kuwa uchungu ulikuwa shahidi. Lakini katika ukame wa 1981 jimboni Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu, na mwaka 1985 ugonjwa huo ukaonekana Tarime. Wataalamu huuita konzo, jina walilolitoa kwa Wayaka wa Kongo. Akina mama wale hawakuwa wamesahau walichofundishwa. Njaa iliwanyima siku za kusubiri muhogo ulowe na kukauka.

Mahindi ni habari nyingine kabisa. Ukungu unaoota kwenye punje zenye unyevu huweza kuacha sumukuvu iitwayo aflatoksini, isiyo na rangi wala ladha ya kumtahadharisha mlaji, na moto wa jikoni hauiondoi. Wanasayansi wenyewe waliitambua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili.

Fikiri basi, ndugu msomaji, hali ya mama wa Makueni au Kitui mwaka 2004. Mahindi yalihifadhiwa yangali na unyevu, kisha watu wakaanza kugeuka macho ya manjano. Kenya ilihesabu wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliofariki 20. Ulimi uliowalinda bibi zao mbele ya muhogo mchungu haukuwa na la kuwaambia. Katika hali kama hiyo mtu hubaki na neno la mwenzake tu. Nami naona kuwa anayepeleka habari huwa anauliza pia: "Na kwenu mmeyasikia haya?" Anatafuta wa kumthibitishia hofu yake au kumwondolea, maana peke yake hana njia ya kujua. Huo si umbeya.

Lakini kuna upande mwingine. Nilipokuwa mwalimu mkuu, wazazi walichanga mahindi ya uji wa watoto. Wapishi wetu, wanawake wa makamo, walizamisha mkono ndani ya gunia, wakanusa, wakachambua punje kwenye ungo. Gunia lenye ukungu walilitenga na kuambiana wao kwa wao, ila jina la mzazi aliyelileta hawakulitamka mbele ya kamati hata siku moja. Sikuwalaumu. Kulitaja ni kumvunjia mtu heshima, na pengine kumfungia soko la mavuno yake yote. Ndiyo maana onyo la chakula husafiri bila mwenyewe: "inasemekana", "mahindi ya upande ule". Likishakosa mwenyewe huwafunika wengi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Katika siku hizo gunia zima na gunia bovu yalibeba jina moja, na mkulima aliyekausha mahindi yake vizuri juu ya turubai hakuwa na pa kujitetea.

Kuna jambo la 2004 ambalo watu hulisimulia mara chache kuliko idadi ya vifo. Serikali ya Kenya haikuishia kuwaambia wananchi wasile mahindi hayo. Maofisa walikagua nyumba na masoko, wakaondoa yaliyoharibika, na chakula kingine kikapelekwa wilaya zilizoathirika. Mama aliyekuwa amebakiwa na debe moja alikuwa ameshasikia onyo kwa majirani. Chakula cha kuweka mahali pa debe lile hawakuwa nacho wa kumpa.