Katambayi Mukendi, Jean
Jean Katambayi Mukendi (amezaliwa Lubumbashi, 1974) ni msanii wa Kongo anayeunganisha uchoraji na sanamu zinazoundwa kwa vitu vya kila siku: katoni, nyaya za shaba, vipuri vya umeme vilivyotupwa. Alisomea ufundi wa umeme, na elimu hiyo imo katika kila kazi yake. Mashine zake za katoni na michoro yake ya balbu iitwayo *Afrolampe* hugusa swali zito la Katanga, eneo lenye Lubumbashi: laini ya umeme ya Inga–Kolwezi, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, hulisha migodi ya shaba ilhali mitaa mingi hukosa umeme. Alishiriki pia kuunda *Tesla Crash* (2019), gari la umeme lililopondeka, lililosukwa kwa nyaya za shaba kama vigari vya waya wanavyojitengenezea watoto.