Kutoka Matete ya Kufa Hadi Tofali za Nyarugusu



Ndugu msomaji, mji wa Kufa ulianza kama kambi. Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alipowashusha watu wake pale mwaka 17 Hijria (638 Miladia), walijenga vibanda vya matete, kwani hakuna aliyejua watakaa muda gani. Kisha moto ukaviteketeza. Imam Tabari anaeleza kwamba walituma ujumbe kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuomba ruhusa ya kujenga kwa matofali, naye akakubali kwa sharti: nyumba isizidi vyumba vitatu, na watu wasishindane kuinua majengo. Kambi ikawa mji, na baadaye mji wa elimu.

Wenzetu wa Kasulu na Kibondo wameliona jambo hili kwa macho yao. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Walianza na maturubai. Miaka ilipopita wakafyatua tofali mbichi, chumba cha mbele kikawa kibanda cha biashara, na uani wakaongeza chumba cha kijana aliyeoa. Mwaka 2015 Warundi walipoingia kwa makumi ya maelfu, shule na makanisa ya kambini yaligeuzwa kuwa malazi. Nduta ya Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa tena Oktoba 2015. Mtendeli, upande wa Kakonko, ilipokea watu tangu Januari 2016, ikafungwa mwaka 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Mtabila nayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na mahali pale pakawa kambi ya JKT.

Nyumba ya udongo ikiachwa haina tatizo kisharia. Mvua mbili tatu zinaimaliza. Tatizo ni msikiti. Wanafunzi wanaotoka huko huniuliza: watu walichanga, wakajenga, wakaswali Ijumaa miaka kadhaa, kisha kambi ikafungwa. Mabati yale ni ya nani?

Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Minhaj amesahihisha kuwa inafaa mtu kuweka wakfu jengo lililo juu ya ardhi ya kukodi, ingawa ardhi yenyewe si yake. Mimi naona ardhi ya kambi, ambayo mkimbizi amepewa kwa muda tu, inaingia katika maana hiyo. Basi kilichowekwa wakfu ni kuta, milango na mabati, si kiwanja. Anayedai kuwa kiwanja cha Mtendeli ni msikiti mpaka Kiyama amesema asichokuwa na dalili nacho, kwa sababu mtu haweki wakfu asichokimiliki.

Lakini asije mtu akayauza mabati hayo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, msikiti ukibomoka na ikashindikana kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Khatib Shirbini, katika sharhe yake ya Minhaj, anaeleza kwamba vifaa vyake vikihofiwa kupotea, hakimu anaweza kuvijengea msikiti mwingine, na ulio karibu ni bora zaidi. Wala havijengewi kisima! Wapo wanaoona ukali katika hili, hasa mahali ambapo maji ni shida kuliko msikiti. Mahanbali wana wasaa zaidi: wanatoa hoja kwa kisa kilekile cha Kufa, ambapo hazina ya Waislamu ilivunjwa na Sayyidna Umar akaamuru msikiti uhamishwe ili hazina iwe upande wake wa kibla. Ibn Qudama anasema hilo lilifanyika mbele ya Masahaba na hakuna aliyepinga.

Kwa hiyo mabati ya msikiti wa kambi iliyofungwa yapelekwe msikiti wa kambi inayopokea watu wale wale, au wa kijiji jirani, na asiyekuwa na kadhi karibu awatake wanazuoni wa wilaya yake wasimamie. Na imam anayejenga leo katika kambi yoyote aandike mapema, mbele ya mashahidi wawili, nini kimetolewa wakfu na kiende wapi siku watu watakapoondoka. Nimeona watu wakigombana kwa sababu ya karatasi hiyo moja kukosekana.

Wallahu a'alam.