Wimbo «Kasongo»: hauhusu mji, ni kilio cha bibi aliyeachwa

Mtu wa Kasongo akisikia wimbo «Kasongo» wa orkesta Super Mazembe, anaweza kudhani mji wake unasifiwa. Sivyo. Kasongo anayeitwa pale ni mwanaume. Amemwacha bibi yake, na bibi anamsihi arudi nyumbani.

Orkesta hiyo ilizaliwa Kongo mwaka 1967 kwa jina Super Vox, ikiongozwa na Mutonkole Longwa Didos. Mwaka 1974 ilihamia Nairobi, ikabadili jina kuwa Super Mazembe, yaani zile mashine kubwa za kusukuma udongo barabarani. Huko Kenya ndiko «Kasongo» ulikovuma, miaka hiyo ya 1970. Jina lenyewe ni la watu wengi, kuanzia Maniema hadi Katanga na Kasai. Hata ndani ya orkesta alikuwamo mwimbaji Kasongo wa Kanema.

Ajabu ni kwamba kilio hicho kimechezwa kwenye arusi na baa kama wimbo wa furaha. Sababu ni lugha. Wanamuziki waliimba kwa Kilingala, na wengi wa wasikilizaji wa Nairobi hawakukijua. Walisikia magitaa, wakaitikia lile jina, wakacheza. Kusini mwa Maniema pia, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni tangu misafara ya Tippu Tip, si kila mchezaji anafuata maneno. Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya waliufufua mitandaoni, mara hii kwa mzaha: Rais William Ruto akapewa jina la utani Kasongo.

Mzaha una nafasi yake. Lakini wilayani Kabambare kuna wanawake ambao mabwana zao walikwenda kuchimba dhahabu Salamabila, na kuna jamaa waliotawanywa na risasi, huyu akakimbilia huku, yule kule. Kwao maneno ya bibi huyo hayana haja ya kutafsiriwa sana. Nyimbo nyingi za kuachana humfundisha aliyeachwa kusahau na kuendelea na maisha. Huyu bado anaita.

Super Mazembe ilivunjika katikati ya miaka ya 1980. Baadhi ya wanamuziki wake, waliomwita Kasongo arudi nyumbani, walibaki Kenya.