Funguo za Chumba cha Ndani

Ndugu msomaji, kwetu kanda ya dhahabu siri ni mali. Anayejua mwamba umelalia wapi hasemi ovyo kilabuni. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, na mgodi ukachimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa 1966. Kule Shinyanga, mjiolojia wa Kanada John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, eneo likazungushiwa uzio na walinzi. Hiyo ni siri ya uzio. Leo nataka kusimulia siri ya aina nyingine, ile ya ndani ya kompyuta. Historia yake ni fupi, lakini mimi imenigharimu.

Mwaka 2018 mjomba wangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo huko Nyarugusu, nami nikiwa karani. Laptopu yenyewe ilikuwa moja tu, tena ya mtumba, na watumiaji wake ni ukoo mzima. Binamu zangu walitaka Windows kwa muziki na kuchapa barua. Mimi nilitaka Linux, na ndani yake daftari la duara: nani katoa hela ya kamba na dizeli, nani anadai viroba vingapi vya mawe, namba za simu, mgao. Daftari kama hilo likisomwa na mwizi, anajua aende nyumba ipi usiku. Basi nikaamua niwe na chumba kimoja chenye kufuli ndani ya nyumba ya wote.

Ujuzi huo haukudondoka kutoka mbinguni. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Vijana wa enzi hizo waliigawa diski vipande, yaani patisheni, wakaweka Windows huku na Linux kule, na kiprogramu kidogo kiitwacho LILO kikasimama mlangoni kuuliza: leo unaingia wapi? Taabu ilikuwa kufuli. Programu kali za kusimba, yaani kugeuza maandishi yasisomeke bila ufunguo, serikali ya Marekani ilizihesabu kama silaha; kuzipeleka nje bila kibali ilikuwa kosa. Ndiyo maana watu wa Debian waliziweka kwenye ghala la pembeni, nje ya Marekani. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2000.

Mwaka 2004 kufuli likaingia katika kiini cha Linux chenyewe, likiitwa dm-crypt, na Clemens Fruhwirth akabuni LUKS, utaratibu wa kutunza funguo zake. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Daftari langu lilipata lugha na kufuli kwa pamoja! Debian wakaliingiza kufuli katika hatua za kusakinisha mwaka 2007, na kisakinishi cha kawaida cha Ubuntu kikafuata mwaka 2012. Lakini angalia hapo: Ubuntu ile ilikuwa radhi kukufungia diski nzima, ukikubali kufuta vyote vilivyomo. Mwenye nyumba ya kushirikiana ilimbidi agawe kwa mkono.

Nikagawa kwa mkono. Nilitanguliza Windows, kwa kuwa ina tabia ya kudhani nyumba yote ni yake. Nikaipunguza, ikabaki nafasi tupu. Hapo nikatenga kipande kidogo kisichofungwa, cha kuwashia, maana mashine lazima isome kitu kabla haijakuomba nenosiri. Kilichobaki nikakitia kufuli. Usiku ule nililala kama tajiri.

Sasa jambo ambalo sikulizingatia ni hili. Nenosiri silo linalofunga data. Data hufungwa kwa ufunguo mkuu, na ufunguo huo hukaa umesimbwa mwanzoni mwa patisheni, mahali paitwapo kichwa cha LUKS. Kazi ya nenosiri ni kuufungua ufunguo huo. Kichwa kikiharibika, nenosiri halina kazi tena. LUKS ya kwanza ilikuwa na nafasi nane za nenosiri, watu wanane waingie kila mmoja na lake. Mimi nilitumia moja, na sikumwambia mtu.

Windows ilipoanza kusumbua, binamu akaipeleka laptopu kwa fundi mjini apige Window upya. Fundi akaona patisheni kubwa isiyotambulika. Akauliza, "Huku kuna kitu?" Binamu akajibu, "Hamna kitu, kaka." Hakusema uongo, ndivyo alivyojua. Fundi akaifuta, akaiunganisha na ile nyingine, akapiga fomati. Niliporudi, nenosiri lilikuwa zima kichwani mwangu, ila mlango wake haupo.

Wiki chache baadaye mwenzetu mmoja akafariki. Mjane wake alikuja, akakaa mkekani, akasema, "Mwenyekiti, marehemu aliniambia ana viroba kumi na nane." Mjomba akanitazama. Mimi nilikumbuka kumi na viwili, lakini kuapa nisingeweza.

"Tutahesabu kumi na nane, mama," mjomba akasema. "Aliyepoteza daftari siyo marehemu."

Viroba sita vilitoka kwenye mgao wetu sisi wengine. Wapo wanaoninunia hadi leo.

Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na kumbukumbu za mchimbaji mdogo zikazidi kuwa na uzito. Kufuli bado nalitaka. Ila sasa nakala ya kichwa na nakala ya daftari, zote zimefungwa, ziko kwenye flashi kwa shangazi. Nenosiri la pili analo mjomba ndani ya bahasha. Na binamu zangu wote wanajua kuwa chumba kile kipo na kina mali za watu. Kilichomo hawakijui, wala hawana haja nacho.

Nawe, ndugu msomaji, ukitaka kufunga chumba katika nyumba ya wengi, funga. Lakini kwanza waambie wenzako kuna chumba.