Uchakavu wa injini za meli kutokana na mafuta machafu

Uchakavu wa injini za meli kutokana na mafuta machafu ni kulika kwa haraka kwa sehemu za ndani za injini kubwa za dizeli, hasa silinda, ringi za pistoni, pampu za mafuta na nozeli, kwa sababu ya mafuta yenye chembe ngumu, maji au kemikali zisizofaa. Hasara yake si gharama ya vipuri tu. Meli ikipoteza nguvu karibu na pwani inaweza kupanda mwamba au kugongana na nyingine.

Asili ya uchafu

Meli nyingi kubwa za mizigo hutumia mafuta mazito, yaani masalio yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa katika mafuta ghafi. Viwandani, sehemu nzito za mafuta ghafi huvunjwavunjwa kwa msaada wa kichocheo, ambacho ni unga wenye alumini na silikoni. Kiasi cha unga huo hubaki katika masalio na kufika melini.

Jinsi chuma kinavyolika

Chembe hizo ni ndogo mno, lakini ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda unaweza kuwa mwembamba kuliko chembe yenyewe. Chembe hunasa ukutani, kisha ukuta huzikwaruza ringi kama msasa. Hata mafuta safi yakiletwa baadaye, chembe zilizokwisha kunasa huendelea kukwaruza. Ringi zikilika, gesi hupenya, mgandamizo hupungua na injini hupoteza nguvu.

Sulfuri

Sulfuri ikiungua huzaa asidi inayokula chuma. Kwa hiyo oili ya silinda hutiwa alkali ya kuizimua. Tangu tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha juu cha sulfuri katika mafuta ya meli kilishushwa duniani kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50, isipokuwa kwa meli zenye mtambo wa kusafisha moshi. Alkali ikizidi mahitaji huacha masizi magumu juu ya pistoni, nayo pia hukwaruza. Oili lazima iendane na mafuta.

Viwango na kinga

Kiwango cha ISO 8217 huruhusu hadi miligramu 60 za alumini na silikoni kwa kila kilogramu ya mafuta mazito ya kawaida. Watengenezaji wa injini hushauri zisizidi 15 hivi yanapoingia kwenye injini. Tofauti hiyo huondolewa melini:

- mafuta hutulizwa tangini ili maji na mashapo yashuke chini na kutolewa;
- hupashwa moto hadi nyuzi 98 hivi za selsiasi na kupitishwa kwenye sentrifuji, ambayo huzunguka kwa kasi na kutupa chembe nje;
- hupitishwa kwenye filta.

Tangi lisiposafishwa, mawimbi makubwa huyatibua mashapo, na uchafu hufika kwenye injini wakati nguvu yake inahitajika zaidi.

Vipimo vya kawaida havigundui kila uchafu. Mwaka 2022 meli 200 hivi zilipakia Singapore mafuta yenye kemikali za klorini. Takriban 80 zilipata matatizo ya pampu na injini.