Ua la Tanga lililorudi kwa njia ya dirishani



Ua la kwanza nililojaribu kuotesha ndani nililiua kwa mapenzi. Nililimwagilia asubuhi na jioni mpaka mizizi ikaoza. La pili nililianika juani likakauka. Nikajiambia mikono yangu haina baraka, bora nibaki na kalamu.

Mama mwenye nyumba wangu hapa Arusha akanihurumia. Akakata jani moja nene, lenye manyoya laini, kutoka kwenye kopo lililokuwa dirishani kwake, akanipa. Jani tu, halina mzizi wala shina.

"Chomeka kikonyo kwenye udongo mwepesi," akasema. "Na usiliogeshe, mwanangu. Mimina maji kwenye kisahani chini ya kopo, litakunywa lenyewe."

Wiki zikapita, kimya. Nilikuwa nimeshakata tamaa siku nilipoona vijani vitatu, vidogo kuliko ukucha, vimechomoza kando ya kikonyo. Nitawaficha nini? Nilipiga kelele kama Taifa Stars imefunga bao.

Nikamuuliza mama jina la ua. Hakulijua, naye alipewa jani tu na mtu mwingine. Basi nikaanza kuchimba. Nilidhani ni ua la Ulaya, maana hata jina lake la kisayansi nililozoea kuliona vitabuni, Saintpaulia, lina harufu ya Ulaya. Kumbe kwao ni Tanga!

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1884, John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli yake kwenye bustani ya Kew, London. Haikutosha kulipa ua jina, ikabaki kabatini. Miaka michache baadaye Wajerumani wakaiteka pwani yetu. Abushiri bin Salim aliyewapinga akanyongwa Pangani Desemba 1889. Katika utawala huo mpya, mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtu aliyekijua Kiswahili kiasi cha kuandika kitabu cha kukifundisha, kilichochapwa Berlin mwaka 1890.

Bwana huyu alipenda mimea. Aliliona ua hili likiota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akamfikishia Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha: nusu ya kwanza kwa heshima ya familia ile, nusu ya pili Kigiriki chenye maana ya maua mfano wa urujuani. Wasambaa, waliopishana nalo msituni vizazi na vizazi, hawakuachiwa hata herufi moja. Walau Wajerumani wa kawaida hawakusahau lilikotoka. Mpaka leo wanaliita Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara.

Kutoka hapo likatapakaa. Miaka ya 1920 bustani moja ya biashara huko Los Angeles ilipanda mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche bora kumi. Mwaka 1946 wapenzi wake Marekani wakaunda chama chao. Leo ni miongoni mwa maua ya ndani yanayofugwa zaidi duniani.

Siri ya safari yote hiyo ni ileile niliyoiona kwenye kopo langu. Jani moja linazaa miche kadhaa, na kila mche una majani ya kugawa. Ukitaka ua lifanane na mama yake, huhitaji mbegu. Unahitaji jirani mkarimu. Na tabia zake zote ni za nyumbani kwao: limezoea mwanga uliochujwa na miti mikubwa, ndiyo maana jua kali linaliunguza. Mizizi yake ni mifupi kwa kuwa pale mwambani udongo ni kiganja tu, ndiyo maana maji mengi yanaliozesha. Laiti ningeijua historia yake mapema, ningejua pia namna ya kulimwagilia.

Sasa sikilizeni hili lililonikosesha usingizi. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Vichipukizi 1,000 vilisafirishwa, 62 tu vikafika vikiwa hai. Kila mtoto aliyesoma shule Tanzania anajua Tanga ni mkonge. Lililoletwa tukafundishwa, tukalilima kwa jasho katika mashamba ya watu. Lililochukuliwa hatukuambiwa, labda kwa sababu halikuhitaji vibarua.

Na huko kwao hali si nzuri. Ndugu wa ua hili wanaishi katika misitu ya milima ya Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya, baadhi yao kwenye vipande vidogo sana vya msitu. Miti ikikatwa, kivuli kinakwenda na ua linakwenda nacho. Msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki, ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na humo bado yapo. Lakini aina kadhaa ziko hatarini kutoweka, wakati madirisha ya Ulaya yamejaa binamu zao. Hata jina limehama: mwaka 2015 wanasayansi waliliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus. Saintpaulia limebaki jina la kundi dogo ndani yake.

Juzi langu limetoa ua la kwanza, la zambarau, katikati kidoa cha njano. Nilimwita mama mwenye nyumba aje alione. Nikamwambia, "Mama, huyu ni Mtanga." Akacheka, akasema, "Ndiyo maana anapenda kubembelezwa."

Nina majani matano ya kugawa. Msiende kung'oa msituni, tafadhali. Anayetaka aje na kopo lake.