Maziwa ya mama wa njiti



Njiti kila mtu anamjua: mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, mwembamba kama njiti ya kiberiti, na jina likamganda. Asiyezungumzwa sana ni mama yake. Mtoto yuko chumba cha joto, hana nguvu ya kunyonya, matiti yamejaa siku ya tatu, na baada ya wiki mbili mama anaambiwa "maziwa yamekata". Hapa Tunduru, ninapofanyia ushonaji, neno hilo nimelisikia mara nyingi mno, linasemwa kama kudra isiyo na sababu. Sababu ipo, na historia yake ni ndefu.

Tuanzie Paris. Karibu mwaka 1880 daktari Stéphane Tarnier alianza kuwaweka njiti kwenye sanduku la joto, wazo alilolipata kwenye vyombo vya kutotoleshea vifaranga. Joto liliokoa watoto, lakini likaleta jambo jipya: mtoto ndani, mama nje. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, aliliona hilo. Alitaka mama aje, amwone mwanawe kupitia kioo, amnyonyeshe. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 alieleza kwamba baadhi ya mama waliotengwa na watoto wao waliishia kuwaacha.

Wengine hawakumsikiliza. Huko Marekani, Martin Couney aliwaweka njiti kwenye maonyesho ya Coney Island kuanzia 1903 hadi 1943, watu wakilipa kiingilio kuwatazama. Aliokoa wengi, sikatai. Ila waliowanyonyesha walikuwa wanawake wa kulipwa, si mama zao.

Kutengana kunakausha maziwa kwa njia rahisi kueleza. Titi hutengeneza kadiri linavyotolewa. Maziwa yakikaa ndani, mwili unaelewa kuwa hayahitajiki na unapunguza. Kwa hiyo mama wa njiti lazima afanye kazi ambayo mtoto angeifanya: aanze kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua, kila baada ya saa 2 au 3, mara 8 au zaidi kwa siku nzima, na usiku asiruke, kwa sababu homoni ya maziwa hupanda zaidi usiku. Siku za mwanzo anapata matone tu ya dang'a. Asiyadharau wala kuyamwaga. Yanakusanywa kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kupelekwa kwa muuguzi. Uji wa pilipili manga tunaousifu visiwani unampa mzazi nguvu, anywe, lakini haukamui.

Pampu ya umeme nayo ina historia yake. Miaka ya 1920 Edward Lasker, mhandisi na mchezaji maarufu wa sataranji, alitengeneza moja Marekani, na mwaka 1956 Einar Egnell wa Sweden akaleta iliyo laini zaidi kwa titi. Dada asiye na uwezo wa kuinunua asivunjike moyo. Mwaka 2009 watafiti wa Stanford walionyesha kuwa mama wa njiti waliotumia pampu na pia kukamua kwa mkono zaidi ya mara 5 kwa siku, katika siku 3 za kwanza, walikuwa na maziwa mengi zaidi wiki zilizofuata. Kumbe mkono una kazi yake hata pale penye mashine.

Halafu kuna kangaruu. Mwaka 1978, Bogotá nchini Colombia, masanduku ya joto hayakutosha, daktari Edgar Rey Sanabria akawafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Lilikuwa suluhisho la shida, likageuka kuwa tiba. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili: watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliofungwa kifuani mapema, bila kusubiri hali itulie, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25. Na mama anayembeba mwanawe hivyo maziwa humjia kwa urahisi zaidi. (Kama fundi nasema: khanga ya pamba inatosha, ifungwe ibane mgongo wa mtoto, kichwa kikae upande ili pua iwe wazi.)

Sasa mtu ataniuliza, si jirani amsaidie maziwa? Dini yetu inaheshimu sana mnyonyeshaji. Mtume (S.A.W.) alinyonyeshwa na Thuwayba, kisha Halima. Lakini maziwa yanaleta udugu. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani na visiwani, manyonyesho 5 kamili kabla ya miaka 2 yanaharamisha ndoa, na kwa wanazuoni wengi hata maziwa ya kikombe yanahesabika. Ndiyo maana mwaka 1985 Baraza la Fiqhi lilipokutana Jeddah lilikataa benki za maziwa zinazochanganya maziwa ya wengi. Nairobi, hospitali ya Pumwani ilifungua benki yake mwaka 2019. Mabibi harusi mnaosoma hapa, ulizeni wazee wenu nani alimnyonyesha nani kabla ya posa kupokelewa. Jirani akisaidia, jina lake liandikwe.

Mwaka 2025 sheria ya ajira Tanzania iliongezewa likizo kwa mama aliyejifungua njiti, jambo ambalo taasisi ya Doris Mollel ililipigania kwa miaka. Alhamdulillah. Lakini likizo hiyo ni ya mwajiriwa. Mkulima wa korosho wa Tunduru na mimi mwenye cherehani yangu hatuna mwajiri. Mtoto akipewa rufaa kwenda Songea, zaidi ya kilomita 200, mama lazima aende naye, na mtu abaki kuangalia duka, watoto wengine na nauli ya kupeleka chakula wodini. Likizo yake ni mtu huyo.